Nusukaputi, Ganzi na Maneno ya Mzee

Lugha yetu ina maneno matatu yachanganywayo ovyo wodini: usingizi, ganzi na nusukaputi. Hili la mwisho wengi hulinasibisha na Kijerumani. Twalipenda, ila humtisha mgonjwa. Nani atakaye kuharibika nusu?

Tulipomfasiria mwalimu mwenzetu wa miaka 68 Kifaransa cha madaktari mjini Bujumbura, kabla ya kukatwa sehemu ya ini yenye saratani, tuliona uzito wa kuyatenga maneno hayo. Usingizi wa dawa hauna budi katika upasuaji ule, ama kwa mvuke wa kuvuta kama sevoflureni, ama kwa propofoli ipitayo mshipani. Ganzi huweza kuongezwa juu yake: mrija mwembamba huingizwa mgongoni, nje ya utando wa uti, dawa ikatiririka hata baada ya mgonjwa kuamka. Maumivu hupungua, na haja ya mofini pia. Si jambo dogo, kwani ini ndilo livunjalo mofini. Likipungua, dawa hukawia mwilini. Lakini ini lilo hilo hutengeneza vigandishi vya damu. Likidhoofika, kuuondoa mrija kwaweza kuvujisha damu penye uti wa mgongo. Ndiyo sababu wako madaktari wanaopendelea kutia ganzi ukutani mwa tumbo.

Mzee alisikiliza, kisha akauliza: “Nitaamka na maneno yangu?”

Alikuwa na haki. Uchunguzi wa kimataifa uliochapishwa mwaka 1998 uliwapima watu wa miaka 60 na zaidi baada ya upasuaji mkubwa. Wiki moja baadaye, takriban 26 katika kila 100 walikuwa wamepungukiwa kumbukumbu na wepesi wa kufikiri; baada ya miezi mitatu, 10 hivi. Aghalabu lawama zilitupiwa usingizi. Hata hivyo, mwaka 2021 uchunguzi wa Marekani na Kanada juu ya wazee waliovunjika nyonga haukuona tofauti ya maana kati ya usingizi na ganzi ya uti. Nyonga si ini, lakini twaona kuwa umri na maumivu yasiyotulizwa vyastahili kutazamwa kabla ya kuilaumu dawa.

Kuhusu kuchanganyikiwa kwenyewe, tulipendekeza “kuweweseka”. Yeye akashikilia “kupayuka”, kwa kuwa aweweseka ni aliyelala.

Usiku wa pili alimwita muuguzi kwa jina la mwanafunzi wake wa zamani. Siku ya nne akaomba miwani, akasahihisha upatanisho wa ngeli katika tangazo lililobandikwa mlangoni.