Skrubu Moja

Novemba iliyopita, huku Montana ninakosomea shahada ya uzamili, nilimjeruhi kulungu nikampoteza. Nilifuata matone ya damu kwenye theluji mpaka giza likaingia. Usiku nikampigia baba, Tabora. Aliuliza neno moja tu: "Ulimfuata?"

"Mpaka nikawa sioni tena, baba."

Akanyamaza.

Niliilaumu darubini ya bunduki, kwa kuwa nilikuwa nimeinunua kwa dola 150: inakuza mara 3 hadi 9, lenzi ya mbele milimita 40. Lakini nilipoifungua haikuwa na kasoro. Kilicholegea ni skrubu moja ya kitako kinachoshikilia pete zake. Niliikaza mwenyewe, harakaharaka, msimu ukinikimbia.

Mwaka huu sikununua nyingine. Nilifuta mafuta kwenye matundu ya skrubu, nikaazima bisibisi inayopima nguvu ya kukaza. Kabla ya kukaza, niliisogeza darubini mbele na nyuma mpaka nikaona duara zima la mwanga bila kunyoosha shingo, jicho likiwa mbali kiasi kwamba bunduki ikirudi nyuma isinipasue nyusi. Kisha nikaenda uwanjani, shabaha yadi 100, nikipiga risasi tatutatu. Kila mlio wa kirekebishi ulisogeza pigo robo inchi.

Matundu matatu ya mwisho yangefunikwa na kizibo cha soda. Nikamtumia baba picha.

Akajibu: "Vizuri, mwanangu. Ukilenga, mkumbuke yule."