Sheli Iliyosafiri kwa Flashi

Kabla kompyuta hazijazoeleka katika zoni za afya za Masisi na Walikale, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, Jumatatu ilikuwa siku ya foni. Muuguzi mkuu wa kituo alikaa mbele ya redio, waya wa antena umefungwa kati ya miti miwili, akasoma hesabu za wiki: kipindupindu, surua, malaria, vifo. Aliyepokea aliandika kwenye daftari. Hesabu zilisomwa kwa Kifaransa, na redio ikikwaruza, six na dix ni ndugu mapacha. Wagonjwa sita wa kipindupindu wa Nyabiondo waliweza kufika Goma wakiwa kumi.

Nilianza kazi ya kompyuta Goma mwaka 2007, katika shirika moja la misaada. Nilitakiwa kuhakikisha kwamba namba zinazotoka foni zikishaingizwa kwenye mashine hukohuko kwenye zoni, zinajumlishwa kwa namna moja kila mahali. Niliandika skripti ya Bash. Bash ni sheli, yaani programu ya maandishi matupu inayopokea amri unayoiandika na kuifikisha kwa mfumo endeshi. Brian Fox aliiandika mwaka 1989 kwa ajili ya mradi wa GNU, na Chet Ramey anaitunza tangu miaka ya tisini mpaka leo. Mtu ataniuliza kwa nini sikutumia Excel. Excel ilikuwapo, lakini flashi za Goma siku zile zilibeba virusi zaidi kuliko zilivyobeba ripoti, na kila mkuu aliyefungua faili aliongeza safu yake na rangi yake. Skripti haina mahali pa kupakwa rangi.

Taabu ilikuwa kwamba hapakuwa na ofisi mbili zenye mashine zinazofanana. Masisi-centre kulikuwa na kompyuta za mezani zenye Windows XP. Walikale walikuwa na vipakatalishi vilivyoachwa na mradi uliokwisha, na juu yake tuliweka Ubuntu, aina ya Linux, kutoka kwenye CD ambazo Canonical ilikuwa ikizituma bure kwa posta, utaratibu uliodumu hadi 2011. Wakubwa waliotoka Ulaya walikuja na Mac zao. Skripti ilipaswa kukimbia kote huko, na kila mfumo ulikuwa na njia yake ya kuikataa.

Windows haikuwa na Bash kabisa. Tuliiwekea Cygwin, ambayo ina hekima moja niliyoishukuru sana: unaweza kuipakua yote katika folda ukiwa Goma, kisha ukaisakinisha kutoka folda hiyo mahali pasipo na mtandao. Lakini Notepad ya Windows humaliza kila mstari kwa alama mbili pale ambapo Linux hutumia moja. Skripti iliyofunguliwa Masisi na kuhifadhiwa upya kabla ya kupelekwa Walikale ilifika na alama zisizoonekana kwa macho, na Bash ikalalamika kwamba haijui amri ambayo hakuna mtu aliyeiandika. Ubuntu nayo, tangu toleo la 6.10 la mwaka 2006, ilikuwa imeifanya sh kuwa dash, sheli nyingine, nyepesi zaidi na yenye msamiati mdogo. Aliyeandika sh mbele ya jina la skripti, badala ya bash, alipata makosa mistari mitano kwenda chini.

Halafu kibodi. Hili watu wa Nairobi hawalijui. Kibodi zetu ni za Kifaransa, AZERTY, ambako tarakimu zinataka Shift, nukta inataka Shift, mkwaju unataka Shift. Kile kistari cha wima kinachounganisha amri moja na nyingine, uti wa mgongo wa sheli, kimewekwa AltGr na 6. Mkwaju wa nyuma ni AltGr na 8. Mashine zilizonunuliwa Kampala au Dubai zilikuja na QWERTY. Kwenye Mac ya Kifaransa kistari hichohicho ni Option, Shift na L kwa pamoja, na hakikuchapishwa popote juu ya kitufe. Simu ya Masisi ikilia na mtu wa takwimu akasema, "Papa, masini inakatala," swali langu la kwanza lilikuwa kuhusu kibodi, na mara nyingi halikuhitajika la pili.

Mwaka 2009 lilitoka toleo la 4.0 la Bash, na ndani yake mlikuwa na kitu nilichokitamani: orodha ambazo kila kisanduku chake kinaitwa kwa jina badala ya namba. Jina la zoni ya afya, mbele yake idadi ya wagonjwa. Katoyi, Mweso, Pinga, Itebero, kila moja na hesabu yake bila vurugu. Niliiandika upya skripti kwa namna hiyo. Ila mashine zote za bara zilikuwa na toleo la 3.2, na kuzipandisha kwa mtandao lilikuwa jambo la ndoto. Mtandao wa Walikale ulikuwa dishi moja la setelaiti linalogawanywa na ofisi nzima, na kila mmoja alikuwa na barua pepe ya kutuma kabla mafuta ya jenereta hayajaisha.

Kwa hiyo nilianza kubeba msimbo chanzo wa Bash, maandishi ambayo kikompaili huyageuza kuwa programu kamili. Unaufungua mfuko, unaingia ndani ya folda, unaandika ./configure, na mashine inaanza kuhojiwa. Una kikompaili cha C? Una faili hii? Kazi hii unaijua? Inafanya vizuri au vibaya? Ni askari wa barieri kati ya Sake na Masisi anayeuliza kila karatasi, hata ya kuku, na ikikosekana moja hupiti. Baada ya hapo make, na kompyuta kuukuu inaunguruma dakika kadhaa huku mistari ikipanda. Baada yake make install. Jioni moja ya jenereta ilitosha kwa ofisi nzima.

Wale waliolelewa na duka la programu kwenye simu huona kazi hii kama adhabu. Mimi niliiona kama uhuru, na sababu yake ni ya kiufundi. Bash inabeba ndani ya mfuko wake karibu kila inachokihitaji: maktaba ya readline inayokuwezesha kurekebisha mstari unaouandika, na hata maktaba ndogo ya kuzungumza na skrini, endapo mashine haina. Ukiwa na kikompaili cha C, umemaliza. Kwa udadisi nilijaribu pia zsh, iliyoanzishwa na Paul Falstad mwaka 1990 akiwa mwanafunzi wa Princeton. Ni sheli nzuri, kuliko Bash kwa mambo mengi. Lakini Walikale ilisimama katikati ya configure na kudai maktaba ya skrini isiyokuwapo, na maktaba hiyo ilikuwa Goma. Programu inayodai kitu kimoja tu kilicho Goma haifai Walikale.

Baadaye nikagundua njia fupi zaidi. Bash inaweza kukompailiwa ikiwa imemeza maktaba zake zote, ikawa faili moja lisilotegemea kitu chochote kwenye mashine itakayoipokea. Nilitengeneza mbili Goma, moja ya mashine za biti 32 na moja ya biti 64, na tangu hapo Linux za Walikale hazikuhitaji hata kikompaili. Mac ilikuwa na kisirani zaidi, kwa kuwa kikompaili chake kilikuja pamoja na Xcode, mzigo wa gigabaiti kadhaa, hadi Apple ilipoanza kutoa zana za amri peke yake mwaka 2012. Nako tulikompaili mara moja mjini, tukanakili.

Flashi ilifikaje? Masisi ni kilomita kama 80 kutoka Goma, na pikipiki inafika siku hiyohiyo kama barabara na watu wenye bunduki wameruhusu. Walikale ni habari nyingine. Barabara ya kupitia Nyabiondo ilikuwa ya jina tu. Tulichotegemea ni ndege. Miaka ile ndege za mizigo zilitua juu ya lami, katika kipande cha barabara pale Kilambo, zikishusha bia, sabuni na mchele, zikipakia kasiteriti, mawe ya bati, ya kilima cha Bisie. Bahasha yenye flashi ilipata nafasi kati ya magunia. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji wa madini Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, na katazo likadumu hadi Machi 2011. Biashara ilipokauka ndege zikapungua, bei ya chumvi ikapanda Walikale, na skripti yangu mpya ikakaa Goma. Bati, kama hilo linalotoka katika kilima kile, ndilo linalounganisha vipande vya kompyuta duniani kote. Kwetu liliamua pia lini programu itasafiri.

Septemba 2014 ikaja Shellshock. Stéphane Chazelas aligundua kwamba Bash inaweza kutekeleza amri iliyofichwa ndani ya kigezo cha mazingira, kasoro iliyokuwamo tangu 1989 bila mtu kuiona, na tarehe 24 mwezi huo dunia nzima ikajua. Wenye seva hawakulala. Viraka vilitoka mfululizo, kwa sababu cha kwanza hakikuziba vyote, na kila kimoja kilikuwa faili la maandishi la kilobaiti chache. Hapo ndipo msimbo chanzo ulipolipa. Viraka vidogo namna hiyo vinapita hata kwenye setelaiti ya Walikale ikiwa imechoka. Nilivituma kama kiambatisho cha barua pepe, kijana aliyebaki kule akavipachika juu ya msimbo aliokuwa nao tayari, akakompaili. Ofisi nyingine zilizosubiri kifurushi kizima zilikuwa bado zinasubiri.

Kuanzia 2016 mambo yalilainika. Agosti mwaka huo Microsoft iliingiza Bash ya Ubuntu ndani ya Windows 10, jambo ambalo kama ningeliambiwa mwaka 2007 ningelicheka. Kisakinishi cha Git cha Windows kilikuwa na Bash tayari, faili moja, bonyeza mara mbili. Simu za Android nazo zilikuwa na Termux, na muuguzi mwenye simu ya kawaida akawa na sheli mfukoni. Hata Notepad ilijifunza kusoma mistari ya Linux mwaka 2018. Apple tu ndiyo haikusogea: Bash ya 4.0 na kuendelea iko chini ya leseni ya GPL toleo la 3, Apple haiitaki, ikabaki na 3.2 na mwaka 2019 ikafanya zsh kuwa sheli ya kawaida ya Mac mpya.

Ulaini huo una masharti, nayo ni mtandao. WSL, yaani hiyo Bash ya ndani ya Windows, inapakua mamia ya megabaiti kabla ya kukuonyesha herufi moja. Fish, sheli ambayo vijana wengi wanaipenda kwa rangi zake, iliandikwa upya kwa lugha ya Rust na kutoka hivyo katika toleo la 4.0 la Februari 2025. Ukitaka kuikompaili kwa njia ya kawaida, zana za Rust zinakwenda kwanza mtandaoni kuchukua vipande vingine. Walioandika hivyo hawana kosa, hawakumfikiria mtu wa Pinga.

Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilizimwa Kongo nzima kwa siku takriban 20. Mwaka huo kulikuwa na Ebola katika jimbo letu, na Agosti 2019 ikagusa zoni ya Pinga, ndani ya Walikale. Ripoti zilizokuwa za wiki zikawa za kila siku. Siku intaneti ilipozimwa, mashine za Ubuntu zilizokuwa na Bash ya kukompailiwa hazikuhisi lolote. Zile za Windows zilizokuwa zikingojea kupakua WSL zilibaki zikingojea.

Na vita havikwisha. Waasi wa M23 waliingia Masisi-centre tarehe 4 Januari 2025, Goma tarehe 27 mwezi huo, Walikale-centre tarehe 19 Machi, ambako waliondoka mwanzoni mwa Aprili. Uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa. Ofisi nyingi mjini ziliporwa, kompyuta zikatoka mlangoni na nyaya zake. Vijana walioanza upya na mashine za kuazima walinitafuta, wengine kwa WhatsApp pale mtandao uliporudi, wakiuliza kiungo cha kupakulia. Niliwapa faili badala ya kiungo.

Najua wakuu wa miradi watasema mambo ya kukompaili yamepitwa na wakati na kwamba data sasa ziko DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, kwenye seva. Ni kweli ziko kule, siku ambazo kule panafikika. Kwa kijana anayepewa kazi ya kompyuta Itebero au Kibua nina ombi moja. Kabla hujaondoka mjini, weka katika flashi msimbo chanzo wa Bash 5.2 pamoja na viraka vyake, na kikompaili cha mfumo utakaoukuta huko. Msimbo wenyewe ni megabaiti 11 hivi.