Kijana Anapoanguka Kiwanjani



Ndugu zangu wasomaji, na hususan akina mama mnaowaaga wanenu kila alasiri wakitoka na viatu vya mpira mkononi, leo sitawaandikia darasa. Nitawaandikia jambo lililonipata mimi mwenyewe, ambalo nimekaa nalo moyoni nikiona haya kulisema.

Wengi wenu mwajua kwamba mimi ni mzaliwa wa Mombasa, na kwamba kwa miaka kadhaa sasa naishi Magunga, katika nchi ya Gwassi, kaunti ya Homa Bay, nikisomesha watoto wa familia chache za Kiislamu zilizoko huku. Bahari i mbali nasi, lakini Ziwa Victoria li karibu, na harufu ya omena huniliwaza ninapokumbuka ng'onda wa kwetu. Jumamosi baada ya sala ya alasiri, watu wengi wa hapa huelekea kiwanjani. Nami huenda, kwa kuwa baadhi ya wanafunzi wangu huchezea timu moja na wana wa jirani zetu Wajaluo.

Siku hiyo mpira ulikuwa upande wa pili wa kiwanja. Kijana wa miaka 17, beki wa pembeni, alikuwa akirejea mahali pake. Hakuguswa na mtu. Alipiga hatua mbili kama aliyesahau kitu, kisha akaanguka kifudifudi. Tulipofika na kumgeuza, miguu yake ilikuwa ikitetemeka na macho yako wazi. Mmoja akasema ni kifafa, akatafuta kijiko. Wa pili akamvua kiatu akamnusisha. Wa tatu akammwagia maji. Kisha sauti ikapazwa: "Shehe yupo! Mwacheni Shehe amsomee."

Nikapiga magoti, nikaweka mkono juu ya kipaji chake, nikasoma. Watu wakanyamaza kwa adabu. Kila baada ya kitambo alivuta pumzi moja nzito ya kukoroma, nami nikadhani kisomo chamfikia, nikazidi kusoma. Gari la kumpeleka hospitali lilikuwapo, lakini mwenye ufunguo alikuwa amekwenda sokoni. Alipopatikana, pumzi zile zilikuwa zimekatika. Kijana hakurudi nyumbani.

Siku ya tatu nilikwenda kumpa pole mamake. Akanikaribisha kiti, akanitazama, akasema kwa upole: "Shehe, wakati ulipokuwa ukimwombea, mwanangu alikuwa bado yu hai?"

Nilimjibu kwa maneno ya kadari, na yalikuwa maneno ya kweli. Lakini siyo aliyoniuliza.

Swali lile lilinipeleka kwa muuguzi mmoja ninayemheshimu, nikamsimulia yote. Hakunificha. Akasema yaelekea moyo wa kijana ulisimama ghafla. Pumzi za kukoroma namna ile hazihesabiwi kuwa ni kupumua, na moyo unaposimama mwili waweza kutetemeka kwa muda hata watu wakadhani ni kifafa. Moyo uliosimama hausukumi damu, na ubongo usiopata damu huanza kuharibika baada ya dakika chache. Kila dakika ipitayo bila kifua kushinikizwa na bila moyo kushtuliwa kwa umeme, tumaini la kuokoka hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10. Nikazihesabu dakika zangu za kusoma. Niwieni radhi, idadi yake sitaitaja.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia habari za jambo hili. Ng'ambo ya ziwa hili hili, katika uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, tarehe 4 Disemba 2016, mchezaji wa timu ya vijana ya Mbao FC, Ismail Khalfan, alianguka muda mfupi baada ya kufunga bao, akafariki. Marc-Vivien Foé wa Kamerun alianguka mjini Lyon tarehe 26 Juni 2003, mbele ya macho ya dunia, naye akafariki. Ikabainika kwamba ukuta wa moyo wake ulikuwa umenenepa kupita kiasi, maradhi ambayo mara nyingi hurithiwa.

Lakini wako waliorudi. Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka jijini London tarehe 17 Machi 2012. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe, na mikono ya watu haikuachana na kifua chake. Yu hai. Christian Eriksen wa Denmark alianguka mjini Copenhagen tarehe 12 Juni 2021. Wenziwe walimzunguka kumsitiri, madaktari wakamshinikiza kifua, mashine ikaushtua moyo wake, na mwaka uliofuata alikuwa akicheza tena. Waliorudi walikuta watu waliojiandaa kabla ya siku yenyewe.

Najua tutakalosema, kwa kuwa nami nimelisema matangani mara nyingi: ajali haina kinga. Ni kweli kwamba ajali imeandikwa, lakini sisi hatukuonyeshwa maandishi. Tumeamrishwa kumfunga ngamia kwanza, ndipo tutawakali. Na Sura ya Al-Maidah imetufundisha uzito wa kuihuisha nafsi moja. Kusoma dua hakukatazwi. Lakini ulimi waweza kusoma huku mikono ikifanya kazi. Kosa langu ni kwamba niliiacha mikono bure.

Basi haya ndiyo niliyofundishwa, nami nawapa kama amana. Mtu akianguka ghafla, mwite na umtikise bega. Asipoitika, na asipopumua kama mtu apumuavyo, mlaze chali mahali pagumu. Mmoja apige simu: 999 au 112, au 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya. Mwingine aweke kitako cha kiganja katikati ya kifua, kiganja cha pili juu yake, viwiko vinyooke, ashinikize kwa nguvu na kwa haraka, mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua cha mtu mzima kizame sentimita 5 hadi 6 na kiachwe kiinuke. Asiache. Akichoka apokewe. Kijiko, kiatu na maji havina faida yoyote hapa. Ikiwapo mashine ya kushtua moyo, iletwe na kuwashwa mara moja. Hutamka yenyewe la kufanya, na haitoi umeme isipokuwa imeona moyo wahitaji.

Akina mama wameniuliza kuhusu kumgusa asiye maharimu, na kuhusu kufunua kifua, maana vibandiko vya mashine hukaa juu ya ngozi tupu. Jawabu ni kwamba dharura huruhusu kilichokatazwa kwa kadiri ya dharura hiyo. Mwanamume amshinikize mwanamke ikiwa ndiye aliye karibu, na mwanamke vivyo hivyo. Nanyi wanawake mlioko hapo mzungusheni leso zenu ziwe ukuta. Sitara na uokozi havigombani.

Jambo jingine liko mikononi mwenu zaidi kuliko mwa kocha. Ninyi ndio mnaojua historia ya ukoo. Ikiwa mtoto amewahi kuzimia akiwa mbioni, au hulalamika kifua au moyo kwenda mbio bila sababu akicheza, au katika jamaa yenu yuko aliyekufa ghafla angali kijana, msinyamaze. Apelekwe kwa daktari kabla ya kurudi kiwanjani. Na msimsahau yule hodari wa kuogelea aliyezama maji yakiwa shwari. Sisi wa pwani, na hawa wa ziwani, husema amechukuliwa na kitu cha majini. Huenda ni moyo wake uliosimama, na huenda nduguze wanao moyo wa namna ile ile.

Klabu yetu ya Magunga haina fedha za mashine. Imeanza na visivyohitaji fedha. Kabla ya kila mechi hutajwa watu wanne kwa majina: wa kushinikiza, wa kumpokea, wa simu, na wa gari. Ufunguo wa gari hukaa kwa mweka hazina, ukingoni mwa kiwanja, hadi filimbi ya mwisho. Kila mwanzo wa msimu hufanywa mazoezi. Klabu zetu za Mombasa, Lamu na Kwale zaweza hayo wiki hii, na zikichanga pamoja kama tunavyochangia harusi, mashine moja kwa viwanja vilivyo jirani si ndoto. Msalaba Mwekundu na St John Ambulance hufundisha huduma ya kwanza; waiteni.

Siku ya mafunzo yetu ya kwanza, mamake yule kijana alikuja akaketi nyuma ya wote. Zamu ya wanawake ilipofika alipiga magoti mbele ya mwanasesere wa mafunzo, akashinikiza, akashinikiza, hata mkufunzi alipomwambia yatosha hakusikia. Nilimpokea mimi.

Mola amrehemu kila mama aliyefiwa na mwana, awahifadhi wanetu viwanjani na majini, na atusamehe tuliyoyaacha kwa kutojua. Wabillahi tawfiq.