Komunike ya Kambo

Anayeandikia gazeti ana bahati moja ambayo anayeandikia redio hana: msomaji wake anaweza kurudi nyuma. Akipotea katikati ya sentensi ndefu, anapandisha macho na kuanza upya. Msikilizaji hapati nafasi hiyo. Neno likipita limepita, na kama wakati huo mtoto alilia au pikipiki ilinguruma mlangoni, hakuna wa kumrudishia. Ndiyo maana sisi tunaosomea uandishi wa habari hapa Lubumbashi tunafundishwa mapema kuzivunja sentensi. Wazo moja, pumzi moja. Cheo kitangulie jina, ili jina likute sikio limejiandaa. Msemaji atajwe kabla ya maneno yake. Usiandike "mtajwa hapo juu", kwa sababu redioni hakuna juu wala chini.

Kanuni hizi nilizishika kwa ajili ya mtihani. Uzito wake niliujua kwa kambo yangu, mama wa mama, aliyefariki nikiwa mwaka wa pili.

Kambo hakujua Kifaransa. Habari za dunia alizisikiliza nusunusu, lakini komunike za vilio, yaani matangazo ya misiba, alizisikiliza kwa mwili mzima. Asubuhi, kabla ya kupanga makala yake, yaani mkaa, nje kwa ajili ya wateja, redio ililetwa karibu na mbabula, jiko la mkaa, na nyumba yote ikanyamaza. Asiyeujua mji huu angedhani ni udadisi wa wazee. Sivyo. Kwetu kilio ni deni. Ukifiwa, watu wakaja kulala kwako, wakaleta unga, makala na pesa kidogo, basi siku yao ikifika nawe lazima uonekane. Kukosa kwa sababu hukusikia kunasameheka, ila kwa taabu. Kwa hiyo komunike, ambayo familia huilipia kituoni ili isomwe, ndiyo habari pekee ya siku iliyompa kambo kazi ya kufanya. Alisikiliza nani amekufa, kilio kiko avenyu gani, kartiye gani, komini gani, na mwili utatoka lini mochwari. Kisha akafunga kitenge na kuanza kuhesabu njia kutoka kwetu Katuba.

Alipokufa yeye, mjomba mkubwa alinisogezea karatasi. "Mpwa wangu, wewe ndiye wa redio. Andika."

Nikakwama kwenye jina. Kambo alikuwa na majina manne, na kila moja lilikuwa na watu wake. Kwenye kitambulisho lilikuwa jina la ukoo. Parokiani walimwita kwa jina la ubatizo, moja ya yale majina ya Kikristo ambayo utawala wa Mobutu uliyapiga marufuku mwaka 1972, na ambayo yeye na wenzake hawakuacha kuyatumia wakiwa peke yao. Kwenye avenyu yetu alikuwa Mama wa fulani, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Sokoni alikuwa Mama Makala, na nadhani wengi waliompenda hawakumjua kwa jina lingine. Ningeandika la kitambulisho peke yake, soko zima lingesikia kwamba amekufa mtu wasiyemjua. Niliyaandika yote manne, nikalipa kila moja pumzi yake.

Sehemu iliyoniumiza ilikuwa bado. Nilitaka mji usikie kwamba aliwakopesha makala watu ambao hakutegemea watalipa, kwamba alilea watoto wa dada yake pamoja na wake bila kuwatenga kwenye sahani ya bukari, ugali wetu, kwamba alikuwa na kicheko kilichotangulia utani wenyewe. Mjomba alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akakata yote hayo. Mahali pake akaongeza maelezo ya njia: ukifika kisimani, kata kushoto, nyumba ya tatu.

Nilikasirika siku ile, na leo namshukuru. Mwanamke anayesikiliza huku anafunga mtoto mgongoni hahitaji kuelezwa namna ya kuhuzunika. Huzuni atakuja nayo mwenyewe. Anachohitaji ni mahali pa kuipeleka. Ufupi wa maandishi ya redio, ambao darasani niliuona kama ubahili, pale nyumbani ulikuwa heshima kwa msikilizaji. Na jioni, akina mama wa soko walifika kundi zima, wakimlilia Mama Makala.

Tangu hapo kila tangazo la kifo nalipima kwa maswali ya komunike: nani, lini, wapi, watu waje wapi. Kwa maswali hayo nimerudia kusoma tangazo la kifo maarufu sana lililotolewa katika mji huu, wakati ungali ukiitwa Elisabethville. Tarehe 13 Februari 1961, Godefroid Munongo, waziri wa mambo ya ndani wa Katanga iliyojitenga, aliwaambia waandishi wa habari kwamba Patrice Lumumba, aliyekuwa waziri mkuu wa Kongo, na wenzake Maurice Mpolo na Joseph Okito walitoroka kizuizini na kuuawa na wanakijiji. Kijiji hakukitaja. Mahali walipozikwa hakupataja. Ukweli ni kwamba watatu hao walikuwa wamepigwa risasi usiku wa tarehe 17 Januari, siku 27 kabla ya tangazo, huko Shilatembo, nje ya mji. Miili yao ilifukuliwa, ikakatwakatwa na kuyeyushwa kwa asidi.

Vitabu vya siasa vimeandika mengi juu ya uongo ule. Mimi naona pia jambo ambalo kambo angeliona mara moja kando ya mbabula yake: tangazo lile lilitoa kifo na kukataa kilio. Lilitamka majina matatu, halafu likawazuilia wajane na watoto kila kitu ambacho komunike ya maskini kabisa wa Katuba haiwezi kukosa. Mwaka 2022, mwezi Juni, Ubelgiji iliirudishia familia ya Lumumba jino lililokuwa limechukuliwa na ofisa wa polisi wa Kibelgiji aliyeshiriki kuiangamiza miili. Jeneza lenye jino hilo lilipitishwa Shilatembo, kisha likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Miaka 61 ilipita ndipo swali la "wapi" likapata jibu, tena kwa mmoja tu. Familia za Mpolo na Okito hazijapata hata jino.

Kuna vifo vingine ambavyo mwanafunzi wa redio wa Kongo hawezi kuvipita. Radio Okapi ilianza kusikika tarehe 25 Februari 2002, nchi ikiwa imekatwa vipande na vita, na Kiswahili kilikuwa kati ya lugha zake tano. Tarehe 13 Juni 2007, Serge Maheshe wa kituo hicho alipigwa risasi Bukavu. Tarehe 21 Novemba 2008, katika mji huohuo, akauawa mwenzake Didace Namujimbo. Nawafikiria waliobaki katika chumba cha habari. Jina walilozoea kuliita kutoka meza ya pili, sasa wanatakiwa kuliweka ndani ya sentensi fupi, cheo kikitangulia, na sauti isitetemeke. Sijui shule inayomwandaa mtu kwa hilo.

Nitahitimu, na huenda nitaajiriwa kusoma taarifa kubwa, za madini, mikataba na uchaguzi. Lakini najua vituo vyetu hupenda kumwachia komunike mwanafunzi aliyefika juzi kwa mafunzo, kana kwamba ni kazi ya kupashia koo moto. Nawaomba wakubwa wa kazi hii, na wenzangu watakaonitangulia mbele ya maikrofoni: komunike isomwe na mwenye sauti bora zaidi kituoni. Muziki uzimwe kabisa. Majina yote yasomwe, la kitambulisho na la sokoni, polepole, kisha yarudiwe. Avenyu na kartiye virudiwe pia, kwa sababu kuna mtu Katuba, Kenya au Ruashi ambaye ameacha alichokuwa akifanya, na ana nafasi moja tu ya kusikia aende wapi.