Namba za Wapagazi wa Kariakoo

Mafundi wa Gerezani ya utoto wangu, Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1970, wengi walikuwa wa bati na chuma. Nyundo zilianza kulia alfajiri, na ilipofika saa tatu majiko, ndoo na masanduku yalikuwa yamepangwa mpaka barabarani. Katikati ya makelele hayo alikuwapo mzee mmoja wa redio. Vita vya Pili vya Dunia vilimpeleka Burma akiwa askari wa King's African Rifles (KAR), kitengo cha mawasiliano, na huko ndiko alikopata ufundi wake. Kibandani kwake redio za mkulima na za National zilikaa bila makasha, zikisubiri spika au zikisubiri wenyewe wapate pesa.

Jioni, kazi ikiisha, alichagua redio moja aliyoiamini, akaiweka kwenye masafa mafupi na kuizungusha polepole, akizipita idhaa za habari na za muziki, akitafuta ishara za Morse. Redio ya kawaida haitoi mlio wa Morse. Husikii ila mvumo unaokatika na kurudi. Mzee alisogeza redio ya pili kando ya ile ya kwanza, akaichezea mpaka mawimbi yake ya ndani yakagongana na yale yanayopokewa, na hapo mlio ukatoka safi kama wa filimbi. Sijaona tena fundi akifanya jambo hilo.

“Mzee, huyu anasema nini?” nilimwuliza mara ya kwanza.

“Hasemi na wewe, mwanangu. Anaita. Anatafuta yeyote aliye macho amjibu.”

Alianza kunifundisha kwa tarakimu, kwa kuwa kila moja ina milio mitano, hivyo ni rahisi kuliko herufi. Tuligonga kwa bisibisi juu ya meza. Namba ya kwanza aliyonipa kuigonga ilikuwa ya marehemu baba yake, na haikuwa ya nyumba wala ya sanduku la posta. Ilikuwa namba aliyopewa na Waingereza alipochukuliwa kuwa mpagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Kibati kilichoandikwa namba hiyo kilikuwa kimepotea siku nyingi, lakini namba mtoto wake aliihifadhi kichwani.

Kwa hiyo mimi historia ya Kariakoo niliipata kwa mzee yule kabla sijaikuta kitabuni. Wajerumani walikuwa wamejenga ukumbi mkubwa pale kwa ajili ya maonyesho ya mwaka 1914, vita vikazuka, maonyesho yakafa. Waingereza walipoiteka Dar es Salaam tarehe 4 Septemba 1916 wakapageuza kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi kilichokuwa chini ya Oscar Watkins. Midomoni mwa wenyeji jina hilo likawa Kariakoo. Nairobi, walikokuwa na kambi nyingine, likawa Kariokor.

Haikuwa kambi ya kufunza watu shabaha. Pale mtu aliandikishwa, akafungwa kibati, akapangiwa kundi na kufundishwa kwenda kwa safu na mzigo wa kilo zaidi ya ishirini kichwani. Punda, ng'ombe na farasi walikuwa wanakufa kwa ndorobo, na magari yalizama kwenye matope ya Rufiji, kwa hiyo risasi, unga na majeruhi vyote vilibebwa na binadamu. Wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na unga usioiva vizuri. Wanahistoria wanakadiria kuwa waliokufa upande wa Waingereza peke yake walikaribia laki moja. Wajerumani nao walikuwa na wapagazi wao, wanawake na watoto wakiwafuata nyuma, na hao kumbukumbu zao ni haba zaidi.

Mzee alipenda kunikumbusha kwamba vita hivyo hapa kwetu vilianza na redio na vikachelewa kwisha kwa ukosefu wake. Tarehe 8 Agosti 1914 manowari ya Kiingereza Astraea iliishambulia Dar es Salaam kwa ajili ya mnara wa simu ya upepo, na Wajerumani wenyewe wakauangusha mnara huo usitekwe. Baadaye, Ulaya ilipoweka silaha chini tarehe 11 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, alikuwa porini Rhodesia ya Kaskazini, hana habari. Alijisalimisha Abercorn, ambayo leo ni Mbala, tarehe 25 Novemba. Siku zote hizo wapagazi waliendelea kubeba mizigo ya vita vilivyokwisha.

Nilipokuwa kijana, maneno haya yalikuwa ya kawaida kwa wazee wa Gerezani na Kariakoo. Ungeweza kumkuta mtu akipanga maboga sokoni akakueleza baba yake alivyochukuliwa. Halafu yakaanza kupungua bila mtu kuyakataza. Soko jipya la Beda Amuli, lenye paa zile za zege zilizochanua, lilifunguliwa Desemba 1975, na sote tulilionea fahari. Lilikuwa kazi ya msanifu wetu wenyewe na ninalipenda hadi leo. Lakini ukumbi wa zamani ulikuwa umeondoka, na pamoja nao kitu cha mwisho ambacho mzee angeweza kukinyooshea kidole. Kota za Gerezani zilibomolewa, mabasi ya mwendokasi yakaja. Julai 2021 soko likaungua, tukalia juu ya mali iliyoteketea, na sikumsikia mtu yeyote akiwataja wapagazi. Kijana anayeshusha mabegi leo Mtaa wa Msimbazi, mgongo umelowa jasho, hajui kwamba miaka mia iliyopita wenzake walipangwa foleni papo hapo.

Redio nazo zikaondoka. Kibanda cha mzee kikawa cha simu. Mimi niliendelea kusikiliza, ila ndani ya Kariakoo masafa mafupi yamekuwa tabu: chaja, taa za LED na jenereta vimejaza anga mikwaruzo, na mtu hupata nafuu usiku wa manane tu, maduka yakishafungwa.

Ni katika usiku wa namna hiyo nilipoanza kuwafuatilia watu wa redio za ridhaa wanaokumbuka mambo ya vita. Hao ni watu wa kawaida, walimu, madereva, wastaafu, waliofanya mtihani wakapata leseni na jina la wito. Kanada wameikumbuka Camp X, kambi ya siri iliyofunguliwa Desemba 1941 kando ya Ziwa Ontario kuwafunza wapelelezi, ambayo majengo yake hayapo tena pale. Uingereza chama chao kina kituo Bletchley Park, jina lake la wito GB3RS, mahali palipovunjwa siri za Wajerumani. Huita, mtu wa mbali hujibu, wanapeana taarifa ya nguvu ya mawimbi, na baadaye kadi hutumwa yenye jina la mahali na habari zake. Kambi isiyo na hata tofali moja inaweza kutajwa Japani na Brazili kwa siku moja.

Sisi tuna Sanamu ya Askari tangu 1927. Naiheshimu, lakini juu yake amesimama mtu mwenye bunduki peke yake. Ya Nairobi angalau ina mpagazi pembeni. Mwaka 2021 ripoti ya tume ya Uingereza ya makaburi ya vita ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakutajwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Kosa hilo lilitendwa na wakubwa wa wakati ule. Kunyamaza sasa, tunaofanya biashara juu ya kambi yao, ni kosa letu.

Tanzania ina herufi zake za wito duniani, 5H, na bara kwa kawaida ni 5H3. Wapo Watanzania wenye leseni, na mamlaka ya mawasiliano ipo. Nawaomba waungane na uongozi wa soko na shule za Gerezani, wapate jina maalumu la wito kwa siku moja tu, tarehe 25 Novemba, siku vita vilipokwisha kweli kwa wapagazi. Waya wa antena unafungika Mnazi Mmoja, na betri ya gari inatosha kuendesha mtambo. Watoto wagonge wenyewe. Na nyumba yenye babu aliyeacha jina au hata namba tu, iilete isomwe hewani. Ya kwanza ninayo mimi, naikumbuka tarakimu kwa tarakimu.