Kwa nini tunamchukia tuliyemkosea?

Ndugu msomaji, uliisha kumchukia mtu, kiisha ukatafuta kosa lake bila kuliona? Nisikilize kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita, hapa kwetu Ruashi, mzee mmoja wa kanisa aliniuliza mbele ya komite: feza ya mabati imepunguka namna gani? Sehemu yake nilikuwa nimeitumia kwa safari ya kazi, bila kuuliza mtu. Badala ya kueleza, nilishika nguvu ya cheo changu. Nilimwondoa katika komite, nikasema analeta matengano. Watu walinyamaza, sababu mimi ni pasta.

Basi, ni mimi niliyemkosea, lakini ni mimi niliyeanza kumchukia! Akiimba, sauti yake iliniudhi. Akisema "Jambo, Pasta", niliona ananicheka. Bibi yangu akaniuliza: "Papa, ule muzee alikukosea nini? Miye minaona ni weye njo ulimukosea." Nikakasirika, nikatoka inje.

Usiku ule nilikumbuka Mroma mmoja tuliyemsoma kwenye shule ya Biblia: Tacitus, ambaye kwa Kifaransa anaitwa Tacite. Ndiye aliyeandika kwamba Kristo aliuawa chini ya Pontio Pilato, na kwamba Nero aliwasingizia Wakristo moto wa Roma wa mwaka 64. Hakuwa Mkristo, hata alitudharau. Lakini aliwajua wakubwa, kwani alifanya kazi chini ya Kaisari Domitianus, aliyetawala toka 81 mpaka 96. Mwaka 98 aliandika kitabu juu ya baba mkwe wake, Agricola. Mule anasema kwamba ni tabia ya binadamu kumchukia mtu aliyemwumiza yeye mwenyewe.

Angalia vizuri! Si yule aliyekuumiza, bali yule uliyemwumiza wewe. Uso wake unakukumbusha kosa lako. Basi, ili moyo wako utulie, unamfanya yeye kuwa mbaya.

Sisi wa Katanga tuliyaona. Mwaka 1992 na 1993 wandugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa. Familia nzima zililala ku gare ya Likasi na ya Kolwezi, wakingojea treni. Nilikuwa mtoto, lakini nakumbuka: mtu aliyeingia mu nyumba ya jirani ndiye aliyemtukana zaidi yule jirani. Kama angemsema vizuri, angepata usingizi namna gani katika kitanda chake?

Mfalme Sauli vile vile. Daudi hakumfanyia ubaya. Sauli ndiye aliyemtupia mkuki, na kiisha pale chuki yake ikazidi. Someni 1 Samweli 18.

Nilikwenda kwa yule mzee jioni. Akaniletea kiti. Nikaungama yote. Alinyamaza sana, kiisha akasema: "Muzuri, Pasta. Na feza?" Nilirudisha kidogo kidogo, miezi mitano. Tena nilisema kosa langu mbele ya kanisa, kwa sababu nilimwondoa mbele ya watu. Chuki ikaisha, kama homa.

Wewe baba nyumbani, wewe kapita ku mine, wewe kijana uliyechaguliwa kuongoza kwaya: kuna mtu unayemchukia bila sababu? Usiulize kwanza alikufanyia nini. Uliza: mimi nilimfanyia nini? Kiisha soma Mathayo 5:23-24, na uende kwake mbele jua halijashuka.