Kungojea Gari Lamadi

Ukisafiri kutoka Musoma kwenda Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu tangu 2012, huenda ukashuka Lamadi ungojee gari jingine kwa saa kadhaa. Saa hizo usizimalize kwa kusinzia juu ya mzigo. Ulizia kwanza gari litaondoka lini. Kisha mwamkie mama lishe, "Mwangaluka", ikiwa ni asubuhi, umkabidhi mzigo na kuagiza sato. Katazame Ziwa Victoria, lakini usioge: kichocho kimo majini humo. Urudipo, wanunulie watoto michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa vikiwa vibichi. Mimi huchagua matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza.